Nusu inchi isiyokuwamo kwenye bomba

Maswali ya wasomaji na majibu yetu

Katika toleo lililopita tulichapisha jedwali fupi la kugeuza futi, ratili na galoni kuwa mita, kilo na lita, tukadhani tumelimaliza jambo lenyewe. Barua zilizofuata zimetuonyesha kwamba ndio kwanza tumelianzisha. Walioomba msaada wa hesabu ni wachache. Wengi wanauliza kwa nini hesabu, hata ikifanywa sawasawa, hailingani na kitu walichokishika mkononi. Tumechagua barua kadhaa na kuzifupisha. Tunaposema vipimo vya Kiingereza tunakusudia futi na jamaa zake wote, ingawa, kama itakavyoonekana mbele, jamaa hao si wa baba mmoja.

Swali: Mhariri mpendwa, mimi ni fundi bomba wa miaka mingi, na swali hili sikuwahi kuliuliza kwa kuogopa kuchekwa. Bomba la chuma la nusu inchi nimelipima kwa kalipa, kile chombo cha kupimia unene na kipenyo. Nje nimepata milimita 21.3, ndani 16 na ushei. Jedwali lenu linasema nusu inchi ni milimita 12.7. Hiyo 12.7 iko wapi? — Fundi bomba

Jibu: Haipo, ndugu fundi, wala hukupima vibaya. Zamani jina hilo lilitaja, kwa kukadiria, uwazi wa ndani wa bomba, na mabomba ya wakati huo yalikuwa na kuta nene. Viwanda vilipoweza kutengeneza ukuta mwembamba, ilibidi kuchagua moja kati ya mawili: ama kupunguza kipenyo cha nje ili uwazi wa ndani ubaki vilevile, ama kuacha nje kama kulivyo ili bomba jipya liendelee kuingia kwenye viungio vya zamani. Wewe unajua kuliko sisi kwa nini walichagua la pili, kwa sababu uzi wa kufungia hukatwa nje ya bomba, na anayebadilisha nje amebadilisha kila kiwiko na kila koki iliyokwisha kufungwa. Kwa hiyo nje kukabaki, ndani kukapanuka, na jina halikuguswa na mtu.

Usidhani kwamba mfumo wa metriki umelisafisha jambo hilo. Bomba hilohilo kwa jina lake la milimita huitwa DN 15, na ukilizungushia kalipa mchana kutwa hutaipata 15. Kwa upande mwingine, bomba la plastiki la kuunganishwa kwa moto ambalo mafundi huliita la nusu inchi huwa limeandikwa 20, na hiyo 20 ni kipenyo halisi cha nje; linaitwa nusu inchi kwa sababu tu huoana na viungio vya nusu inchi. Una namba tatu kwa kazi moja, na ni moja tu inayokubali kupimwa. Ushauri wetu ni kuzichukulia namba za mabomba kama unavyozichukulia namba za viatu: zinakusaidia kupata kinachokuingia, lakini hazikuambii urefu wa mguu.

Msomaji mwingine ameuliza swali linalofanana na lako kuhusu runinga ya inchi 55. Hapo inchi ni kipimo cha kweli, sentimita 139.7, isipokuwa hupimwa mshazari, kutoka pembe hadi pembe, desturi iliyorithiwa kutoka enzi ambazo kioo cha runinga kilikuwa cha mviringo na kipenyo chake kilitosha kukieleza. Anayetaka kujua kama itaenea ukutani asipime 139.7, upana wa kioo ni kama sentimita 122 na kimo chake kama 68 na nusu.

Swali: Karatasi za plaiwudi ninazonunua zimeandikwa 1220 kwa 2440. Kwa nini wasitengeneze 1200 kwa 2400, namba zinazoeleweka? Nimepanga mihimili ya dari kila milimita 400, kutoka katikati ya mmoja hadi katikati ya mwingine, na mwisho wa kila karatasi unaning'inia. — Seremala

Jibu: Karatasi hiyo ni futi nne kwa nane iliyovalishwa nguo za milimita. Futi nne ni milimita 1219.2 na futi nane ni 2438.4, wametia milimita moja hivi hapa na pale mpaka namba ikatulia. Mihimili yake nayo ilikusudiwa iwe kila inchi 16, yaani milimita 406.4, kwa sababu nafasi sita za inchi 16 ni futi nane kamili. Wewe umeweka nafasi sita za 400, ukafika 2400, na zile milimita 40 zilizobaki ndizo zinazoning'inia nje ya muhimili wa mwisho. Karatasi za 1200 kwa 2400 zipo katika baadhi ya nchi zilizohamia metriki moja kwa moja. Ukikosa hizo, njia ni mbili tu: kata kila karatasi ifike 2400, au panga mihimili yako kwa 406 na nusu na usahau uzuri wa 400. Tungekuwa sisi, tungekubali 406. Msumeno hula muda, na vumbi lake halina faida.

Swali: Gari likija na nati za inchi, je, naweza kutumia spana za milimita? — Fundi wa magari

Jibu: Inategemea nati, na hili tunalisema bila kukwepa. Robo tatu ya inchi ni milimita 19.05, kwa hiyo spana 19 na spana ya robo tatu ni kama pacha. 5/16 ni milimita 7.94, nayo huvumiliana na spana 8. Lakini nusu inchi ni 12.7, na spana 13 itaivaa huku ikicheza kwa milimita 0.3, kwa nati iliyolegea hutaona tofauti, ila kwa nati iliyoshika kutu spana itazunguka na kona za nati zitabaki mviringo. Kisha kuna 7/16, ambayo ni 11.11: spana 11 hukataa kabisa kuingia, na ya 12 hupwaya.

Swali: Shikamoo mhariri. Mwalimu ametuambia kwamba inchi moja ni milimita 25.4 kamili, si karibu. Inawezekanaje vipimo viwili vilivyoanza mbalimbali vikalingana bila masalio? — Mwanafunzi wa sekondari

Jibu: Marahaba. Umeuliza swali ambalo watu wazima wengi hulipita. Havikulingana vyenyewe, vililinganishwa kwa makubaliano.

Mita ilizaliwa Ufaransa wakati wa mapinduzi. Wataalamu walitaka kipimo ambacho hakitokani na mguu wa mfalme yeyote, wakaamua kiwe sehemu moja kati ya milioni kumi ya umbali kutoka ncha ya kaskazini ya dunia hadi ikweta. Jean-Baptiste Delambre na Pierre Méchain walipewa kazi ya kupima ardhi kutoka Dunkerque hadi Barcelona, kazi iliyoanza mwaka 1792 na kuchukua miaka takriban saba, na mwaka 1799 mita ya platini ikahifadhiwa Paris. Walikosea kidogo: umbali huo si kilomita 10,000 kamili bali kama 10,002. Hata hivyo mita ikabaki kama walivyoiacha.

Mwaka 1875 nchi 17 zilitia saini Mkataba wa Mita, na Marekani ilikuwa miongoni mwao. Mwaka 1893 Marekani ikaamua kwamba yadi na ratili zake zitaelezwa kwa kutumia mita na kilo. Uingereza iliendelea kutunza yadi yake yenyewe, na matokeo yake inchi ya Marekani ikawa ndefu kuliko ya Uingereza kwa sehemu chache katika milioni. Kwa fundi cherehani hilo si kitu. Kwa anayetengeneza vyuma vya kupimia vipuri vya injini ni ugomvi. Hatimaye mwaka 1959 Marekani, Uingereza, Kanada, Australia, New Zealand na Afrika Kusini zilikubaliana kwamba yadi ni mita 0.9144 kamili na ratili ni kilo 0.45359237 kamili. Gawanya yadi kwa 36 utapata milimita zako 25.4, bila masalio, kwa sababu namba ilichaguliwa ili yasiwepo. Tangu hapo anayepima kwa inchi anapima kwa mita, ajue asijue, na mita yenyewe tangu 1983 inatokana na mwendo wa nuru.

Swali: Nimesoma kwenye jarida moja kwamba gari fulani huenda maili 36 kwa galoni, na kwenye jarida jingine kwamba gari hilohilo huenda maili 30. Nani mwongo? — Dereva

Jibu: Yawezekana hakuna. Jarida la kwanza huenda ni la Uingereza na la pili la Marekani. Uingereza ilipotunga sheria yake ya vipimo ya mwaka 1824, iliunda galoni mpya inayolingana na ratili kumi za maji, lita 4.546. Wamarekani, waliokwisha kujitenga, walibaki na galoni ya zamani ya mvinyo, iliyowekwa na sheria ya Kiingereza ya mwaka 1707, inchi za ujazo 231, yaani lita 3.785. Maili 30 kwa galoni ndogo na maili 36 kwa galoni kubwa ni ulaji uleule, takriban kilomita 12.75 kwa lita moja.

Painti nazo zilifuata galoni zao: ya Uingereza ni mililita 568, ya Marekani 473. Ndiyo maana tulisema mwanzoni kwamba jamaa hawa si wa baba mmoja. Mtu akikuambia galoni bila kutaja ya wapi, hajakuambia kiasi.

Kwa kuwa umetaja gari, tazama ubavu wa tairi lako. Ukikuta 205/55 R16, namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, ya pili ni kimo cha ubavu kikiwa asilimia 55 ya upana huo, na ya tatu ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Mifumo miwili imelala kitanda kimoja, na hakuna aliyewahi kupata pancha kwa ajili hiyo, kwa sababu kila namba ina nafasi yake na kila fundi anajua ipi ni ipi.

Swali: Rubani alitutangazia kwamba tuko futi 35,000. Kwa nini marubani hawajahamia mita? Na je, kuchanganya vipimo hakujawahi kuleta ajali? — Msafiri

Jibu: Futi 35,000 ni mita 10,668. Angani ndege hupangwa kwa matabaka ya futi 1,000, namba rahisi kutamkwa redioni, na kwa kuwa ndege huvuka mipaka kila saa, kubadilisha kungetaka nchi zote zibadilike pamoja. China hutumia mita, na marubani wanaoingia huko hubadilisha. Kuhusu mwendo, maili ya baharini, mita 1,852, ina sababu yake nzuri: ni karibu sawa na dakika moja ya latitudo kwenye ramani, yaani sehemu moja ya sitini ya digrii, na hapo hatuoni haja ya kuwasumbua.

Ama ajali, ilibaki padogo. Tarehe 23 Julai 1983, ndege ya Air Canada aina ya Boeing 767 ilikuwa ikitoka Montreal kwenda Edmonton kupitia Ottawa, wakati Kanada ikiwa katikati ya kuhamia metriki. Vionyesha mafuta vilikuwa vibovu, kwa hiyo mafuta yalipimwa kwa vijiti ndani ya matangi, zikapatikana lita 7,682. Safari ilihitaji kilo 22,300. Ili kugeuza lita kuwa uzito, wahusika walizidisha kwa 1.77, namba waliyoizoea. Wakapata 13,597, wakaitoa kwenye 22,300, zikabaki 8,703, wakazigawanya kwa 1.77 na kuongeza lita 4,916. Hesabu zote hizo ni sahihi, unaweza kuzirudia. Kasoro ni kwamba 1.77 ni uzito wa lita moja ya mafuta hayo kwa ratili. Kwa kilo ni kama 0.8. Zilitakiwa kuongezwa lita zaidi ya 20,000.

Mafuta yaliisha ndege ikiwa angani na injini zote mbili zikazimika. Rubani Robert Pearson na msaidizi wake Maurice Quintal waliitelezesha ndege bila injini hadi Gimli, kwenye uwanja wa zamani wa jeshi la anga ambao siku hiyo ulikuwa na mashindano ya magari, na watu wote 69 waliokuwamo walitoka hai. Chombo cha anga za juu cha Marekani, Mars Climate Orbiter, hakikupata bahati hiyo: Septemba 1999 kilipotea kilipofika kwenye sayari ya Mars, kwa sababu programu moja ilitoa msukumo kwa vipimo vya ratili na nyingine ikausoma kana kwamba ni newtoni, kipimo cha metriki cha msukumo, tofauti ya takribani mara nne na nusu. Katika visa vyote viwili namba ilisafiri peke yake, jina la kipimo likabaki nyuma.

Swali: Mizani yetu ya nyumbani ina kitufe kidogo nyuma, na mara nyingine mtoto "huongezeka" uzito maradufu kwa usiku mmoja. Je, kuna madhara, au ni kichekesho tu? — Mzazi

Jibu: Mzazi mwenzetu, ni kichekesho mpaka siku ya dawa. Kitufe hicho hubadilisha kati ya kilo na ratili, au paundi kama wengi wasemavyo, na kilo moja ni ratili 2.2. Dawa nyingi za watoto hukadiriwa kwa miligramu kwa kila kilo ya uzito. Mizani ikisoma 22 na wewe ukataja 22 tu, mhudumu wa afya ataelewa kilo 22, ilhali mtoto huenda ana ratili 22, yaani kilo 10. Dozi itakuwa zaidi ya maradufu. Ziba kitufe hicho kwa gundi ya karatasi kikiwa upande wa kilo, na unapotaja uzito taja pamoja na kilo zake. Kijiko cha jikoni nacho kiache jikoni. Dawa ya maji ipimwe kwa bomba la sindano au kikombe chenye alama za mililita kilichokuja nayo.

Umeuliza pia kuhusu kipimajoto kinachosoma 98.6. Hizo ni nyuzi za Fahrenheit, sawa na nyuzi 37 za Selsiasi. Ile pointi sita isikutishe kwa usahihi wake. Daktari Mjerumani Carl Wunderlich alitangaza mwaka 1868 wastani wa nyuzi 37, namba ya kukadiria. Ilipogeuzwa kuwa Fahrenheit ikatoka na mkia wa pointi sita, na watu wakaanza kuuheshimu mkia. Nyuzi 100.4 ni 38, na hapo ndipo kwa kawaida huhesabiwa kuwa homa.

Swali: Ninyi vijana mnaipenda kumi, lakini kumi haigawanyiki kwa tatu wala kwa nne. Futi ina inchi 12, inagawanyika kwa mbili, tatu, nne na sita. Nani mwerevu? — Mzee msomaji wenu

Jibu: Shikamoo mzee. Kwa futi umetushinda. Lakini ratili ina wakia 16, ambazo hazigawanyiki kwa tatu, na maili ina yadi 1,760, ambazo nazo hazigawanyiki kwa tatu. Sifa ya 12 ni ya futi, na wengi wa ndugu zake hawakuirithi. Wajenzi wa metriki, kwa upande wao, wamekuibia hoja yako kimyakimya: hupanga kazi zao kwa 600 na 1200, ambazo hugawanyika kwa mbili, tatu, nne, tano na sita.

Swali: Kipi kizito, ratili ya dhahabu au ratili ya manyoya? Nimebishana na ndugu yangu, yeye anasema ni sawa. — Mbishi

Jibu: Manyoya. Dhahabu kwa desturi hupimwa kwa ratili ya masonara, yenye wakia 12, gramu 373 hivi. Manyoya hupimwa kwa ratili ya kawaida yenye wakia 16, gramu 453.6. Lakini usikimbilie kumcheka ndugu yako, kwani akikugeuzia swali na kukuuliza kuhusu wakia moja, dhahabu itashinda: wakia ya masonara ni gramu 31.1 na ya kawaida ni 28.35.